Ayutthaya: Mji Uliochomwa na Waamini Wenzake



Anayesafiri kutoka Bangkok, mji mkuu wa Thailand, kuelekea kaskazini kwa mwendo wa kilometa 80 hivi, hufika mahali ambapo mito mitatu hukutana na kukizunguka kipande cha nchi tambarare kama kisiwa. Humo ndani yamesimama magofu mengi ya matofali mekundu: minara iliyoinama, kuta zisizo na paa, na safu za sanamu za Buddha zilizoketi kwa utulivu, nyingi zikiwa hazina vichwa. Hayo ndiyo mabaki ya Ayutthaya, uliokuwa mji mkuu wa ufalme wa Siam kwa muda wa miaka 417, tangu mwaka 1350 hadi mwaka 1767.

Mtu akiona hekalu lililochomwa na sanamu zilizokatwa vichwa, hudhani upesi kwamba hiyo ni kazi ya adui wa dini ile. Atasema: bila shaka walikuja watu wa imani nyingine, wakaona chukizo, wakavunja. Katika Ayutthaya dhana hiyo ni ya uongo. Waliouchoma mji huo walikuwa Wabuddha, nao wenye mji walikuwa Wabuddha. Pande zote mbili zilifuata tawi moja la dini hiyo, lile la Theravada. Vitabu vyao vitakatifu vilikuwa vile vile, katika lugha ile ile ya Kipali. Watawa wao walivaa kanzu za aina moja na kushika kanuni moja. Kwa sababu hiyo historia ya mji huu inastahili kusomwa polepole na kila jumuiya inayokiri kwamba imani moja huwafanya watu kuwa ndugu.

Jinsi mji ulivyoinuka

Mwanzilishi wa Ayutthaya alikuwa mfalme U Thong, aliyetawala kwa jina la Ramathibodi wa Kwanza. Jina la mji lilitokana na Ayodhya, mji wa Rama katika utenzi mkuu wa Wahindi uitwao Ramayana. Mahali alipochagua palikuwa pa busara. Mto Chao Phraya, mto Pa Sak na mto Lopburi huzunguka karibu pande zote, na mfereji uliochimbwa kwa mikono ya watu uliufunga mzunguko huo. Kila mwaka, majira ya mvua yalipofika, maji yalifunika nyanda zote za jirani kwa miezi. Mpunga ulistawi, na adui aliyeuzingira mji alilazimika kurudi kwao kabla jeshi lake halijazama katika matope. Maji yalikuwa chakula cha mji, barabara yake, na ngome yake.

Kupitia mto huo merikebu zilipanda kutoka Ghuba ya Siam. Ayutthaya ulikuwa katikati ya China na Bara Hindi, na wafanyabiashara wa pande zote mbili walikutana pale. Walinunua mchele, bati, pembe za ndovu, ngozi za paa na miti ya kutolea rangi ya nguo. Mapato ya biashara hiyo yalijaza hazina ya mfalme, na sehemu kubwa yake iligeuka kuwa mahekalu.

Hekalu la Kibuddha katika nchi ile halikuwa mahali pa ibada tu. Lilikuwa shule ya watoto, maktaba, na nyumba ya watawa. Ilikuwa desturi kijana kuingia utawani kwa muda, kisha kurudi kwao na kuoa. Kwa hiyo hapakuwa na ukoo usiofungamana na hekalu fulani, na kila mfalme aliona ni wajibu wake kujenga. Mnamo mwaka 1374 ulianza ujenzi wa Wat Mahathat, hekalu lenye mnara mkubwa wa umbo la gunzi la mahindi, mtindo walioupokea kutoka kwa Wakhmer wa Angkor. Baadaye walipenda zaidi mnara wa umbo la kengele, uitwao chedi, ambao asili yake ni kisiwa cha Sri Lanka. Chedi tatu za namna hiyo zimesimama bado katika Wat Phra Si Sanphet, hekalu la ikulu, zikihifadhi majivu ya wafalme. Ndani ya hekalu hilo, mnamo mwaka 1500, ilisimamishwa sanamu ya Buddha yenye urefu wa mita 16 hivi, iliyovikwa dhahabu ambayo kumbukumbu za kale husema ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 300.

Hekalu la ndugu wawili

Kati ya mahekalu yote kuna moja ambalo lingepaswa kuwa somo kwa kila mfalme aliyepita mbele yake. Linaitwa Wat Ratchaburana. Mfalme Intharacha alipofariki mwaka 1424, wanawe wawili wakubwa waliondoka kila mmoja katika mkoa aliokuwa akiutawala, wakaja mbio kukitafuta kiti cha baba yao. Walikutana mjini, kila mmoja juu ya tembo wake, wakapigana. Wote wawili walikufa. Waswahili husema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Siku ile walioanguka ni wapanda tembo wenyewe. Ndugu yao wa tatu, ambaye hakupigana, akatawazwa. Akaichoma miili ya kaka zake kwa heshima kadiri ya desturi, na mahali pale akajenga hekalu. Chini ya mnara wake alificha vitu vya dhahabu na vya ibada.

Mji haukujifunza. Siam haikuwa na sheria iliyokubaliwa na wote kuhusu mrithi wa kiti. Mara ilikuwa zamu ya mwana, mara ya ndugu wa mfalme, na mara nyingi ikawa zamu ya mwenye askari wengi karibu na ikulu. Karibu kila mfalme alipokufa, damu ilimwagika ndani ya nyumba yake. Mwaka 1569, Waburma walipouteka mji kwa mara ya kwanza, mtawala wa Phitsanulok, ambaye alikuwa mkwe wa mfalme wa Ayutthaya, alikuwa upande wa wavamizi, naye ndiye waliyemkalisha kitini. Mwanawe, Naresuan, aliurudisha uhuru wa Siam mwaka 1584, na nyimbo za ushindi zikafunika kumbukumbu ya usaliti. Lakini kidonda kilichofunikwa bila kusafishwa hakiponi.

Mji uliowapokea wageni

Ni ajabu kwamba mji huo uliogombana hivyo ndani ya ikulu ulijua sana kuishi na wageni. Wareno walifika mwaka 1511, na Wadominiko wa kwanza waliwafuata mnamo mwaka 1567. Kisha wakaja Waholanzi, Wajapani, Wamalay, Wamakassar, Waajemi, Wafaransa. Wachina walikuwapo tangu zamani. Kila taifa lilipewa mtaa wake, na mkuu wake wa kuamua mashauri yake, na ruhusa ya kusali kama lilivyofundishwa na wazee wake. Mtaa wa Wareno na mtaa wa Wajapani ilitazamana ng'ambo hii na ile ya mto, na kati ya Wajapani hao walikuwamo Wakristo waliokimbia dhuluma nchini kwao. Mwajemi mmoja, Sheikh Ahmad wa Qom, alipanda cheo hata akawa miongoni mwa wakuu wa serikali. Uzao wake umo katika koo kubwa za Thailand hadi leo, wengine Waislamu, wengine Wabuddha.

Hapo ndipo historia ya Kanisa inapogusana na mji huu. Askofu Mfaransa Pierre Lambert de la Motte aliwasili Ayutthaya mwaka 1662, na mwenzake François Pallu alifika mwaka 1664. Walitumwa kwa ajili ya Vietnam na China, lakini huko milango ilikuwa imefungwa kwa mateso. Katika mji wa Wabuddha walikuta uhuru wa kuhubiri. Mwaka huo huo wa 1664 walifanya sinodi yao pale. Mfalme Narai aliwapa kiwanja, nao wakajenga kanisa la Mtakatifu Yosefu na seminari ya kuwalea vijana wa nchi mbalimbali za Asia. Mwaka 1668, katika Ayutthaya, Lambert aliwapa daraja la upadri Wavietnam wa kwanza. Walikuwa wakifuata maagizo ambayo Idara ya Uenezi wa Imani ya Roma ilikuwa imeyatoa mwaka 1659: wamisionari wasilete Ulaya pamoja na Injili, wasilazimishe watu kuacha mila zisizopingana na imani, na waandae mapadri wazalendo. Yatupasa kukumbuka kwamba maagizo hayo, ambayo sehemu nyingi za dunia zilichelewa mno kuyatii, yalianza kutekelezwa katika mji wa mfalme asiyebatizwa.

Mwaka 1685 balozi wa Louis wa Kumi na Nne, Alexandre de Chaumont, alifika kwa fahari kubwa akitaka kumfanya Narai kuwa Mkatoliki. Jibu la mfalme limehifadhiwa na Wafaransa wenyewe waliokuwapo. Kwa ufupi aliuliza hivi: ikiwa Mungu mmoja ameumba viumbe kwa wingi wa namna kiasi hiki, je, hatuwezi kudhani kwamba apendezwa pia kutukuzwa kwa namna nyingi? Sisi tulio na imani katika Kristo hatuwezi kuchukua jibu hilo kuwa neno la mwisho. Lakini tukubali kwamba halikuwa jibu la mpumbavu, wala la adui.

Kwa bahati mbaya, baada ya balozi walikuja askari. Mwaka 1687 majeshi ya Ufaransa yaliingia katika ngome za Bangkok na Mergui, kwa mipango iliyopitia mikononi mwa Constantine Phaulkon, Mgiriki aliyekuwa Mkatoliki na mshauri mkuu wa Narai. Mwaka 1688 mfalme alipougua, Phetracha, mmoja wa wakuu wake, alitwaa madaraka. Phaulkon alikatwa kichwa. Wafaransa walifukuzwa. Askofu Louis Laneau na wanaseminari wake walitiwa gerezani, na Wakristo wengi waliteseka. Hata hivyo, hasira ile ilielekezwa hasa kwenye mizinga ya Wafaransa. Miaka michache baadaye wafungwa walifunguliwa, na seminari ikaendelea na kazi yake. Injili iliyokuja na kitabu mji uliipokea. Ilipoonekana kusindikizwa na bunduki, mji uliogopa, na aliyeumia ni Mkristo mnyonge.

Taa iliyowaka nje, giza lililobaki nyumbani

Tuje sasa kwenye miaka ya mwisho. Mfalme Borommakot alitawala tangu mwaka 1733 hadi 1758. Alikipata kiti kwa kupigana na watoto wa ndugu yake. Lakini wakati wake Ubuddha wa Siam ulisifika hata ng'ambo ya bahari. Katika Sri Lanka, ambako mafundisho ya Theravada yalikuwa yametoka zamani kuja Siam, utaratibu wa kuwapa watawa daraja kamili ulikuwa umekatika kwa kukosa watawa wenye mamlaka ya kuutoa. Mfalme wa Kandy alituma wajumbe Ayutthaya kuomba msaada. Mwaka 1753 mtawa Upali na wenzake walifika Kandy, wakaufufua utaratibu huo. Shirika la watawa lililozaliwa siku zile huitwa Siam Nikaya, yaani shirika la Siam, na lipo Sri Lanka hadi leo. Miaka 14 tu kabla ya kuteketea, Ayutthaya uliweza kuwasha upya taa ya dini yake katika nchi ya mbali.

Nyumbani taa hiyo haikumulika. Mwana mkubwa wa Borommakot, Thammathibet, mshairi mashuhuri, alishtakiwa kwa makosa na masuria wa baba yake, akapigwa mijeledi hadi akafa. Borommakot alipofariki mwaka 1758, kiti kilikwenda kwa mwana mdogo, Uthumphon. Ndugu watatu wa baba mmoja waliopinga waliuawa. Kaka yake Ekkathat naye alikitaka kiti. Uthumphon, akichoka na mashindano, aliacha ufalme baada ya muda mfupi sana, akavaa kanzu ya utawa. Mwaka 1760 mfalme wa Burma, Alaungpaya, alikuja na jeshi mpaka kuta za mji. Watu walimtoa Uthumphon hekaluni aongoze ulinzi, naye akaongoza. Alaungpaya alirudi nyuma akiwa mgonjwa, akafa njiani. Hatari ilipopita, Ekkathat alianza kumshuku tena mdogo wake, na Uthumphon akarudi utawani. Wananchi wakabaki na mfalme wasiyemwamini, na kiongozi waliyemwamini amenyoa kichwa na kunyamaza.

Waburma walirudi katika enzi ya mfalme Hsinbyushin, mwana wa Alaungpaya. Majeshi mawili, moja kutoka kaskazini na jingine kutoka kusini, yalikutana mbele ya mji mwezi wa Februari mwaka 1766. Wakuu wa Ayutthaya walisubiri mvua, kama babu zao walivyosubiri. Mvua ilikuja na maji yakapanda, lakini Waburma hawakuondoka. Walijenga kambi zao mahali palipoinuka, wakainua matuta, wakaunda mashua. Ngome ya maji, ambayo mji uliitegemea kwa karne nne, ilikuwa imezoeleka mno kwa adui. Njaa ikaingia mjini, kisha moto ukateketeza nyumba nyingi. Wazingiraji walichimba njia chini ya ukuta, wakawasha moto humo, na tarehe 7 Aprili 1767 ukuta ukaanguka. Ekkathat alipoteza maisha katika maangamizi hayo. Maelfu kwa maelfu ya watu walichukuliwa mateka: jamaa ya mfalme, mafundi, wachezaji ngoma, watawa. Uthumphon alikuwa mmoja wao, naye alifia Burma mwaka 1796.

Wakristo hawakusalimika. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilichomwa, na Askofu Pierre Brigot alipelekwa utekani Burma. Seminari ilihama nchi baada ya nchi mpaka ikatua Penang mwanzoni mwa karne ya 19, na huko ingali inawalea mapadri.

Na ile sanamu ya dhahabu ya Wat Phra Si Sanphet? Waliiwashia moto ili dhahabu iyeyuke na kutiririka, wakaizoa. Waliofanya hivyo walikuwa wamefundishwa tangu utoto kuinama mbele ya sura ile ile. Nyumbani kwao wangembandikia Buddha kipande chembamba cha dhahabu kwa mikono miwili, kama tendo la kujipatia stahili. Katika nchi ya adui walimbandua.

Sanamu zinazosafiri

Isingekuwa haki kuwalaumu Waburma peke yao, kana kwamba Ayutthaya ulikuwa mwana-kondoo. Mwaka 1431 jeshi la Ayutthaya liliuteka Angkor, mji mkuu wa Wakhmer, likarudi na sanamu za shaba nyeusi za simba, za tembo na za walinzi. Mwaka 1569 Waburma wa Pegu walipouteka Ayutthaya, walizichukua sanamu hizo. Miongo mitatu baadaye mfalme wa Arakan aliiteka Pegu, akazichukua tena. Mwaka 1784 Waburma waliiteka Arakan, nao wakazirudisha kwao. Sita kati yake zimo leo katika hekalu la Mahamuni, mjini Mandalay. Watu wenye maumivu huzipapasa mahali pale pale wanapoumwa wakiomba kupona, na shaba imelainika kwa mikono yao.

Sanamu hizo ni ushahidi mzuri kuliko hotuba. Mara nne zilinyakuliwa, na mara zote nne mnyang'anyi aliamini kwamba anaiheshimu dini kwa kuvihamishia vitu vyake vitakatifu katika nyumba yake. Kila mmoja alihesabu alichoporwa, hakuhesabu alichopora.

Waliovunja baadaye

Waburma hawakukaa. Walikuwa na vita na China kwenye mpaka wao wa kaskazini, wakaondoa sehemu kubwa ya jeshi. Taksin, mkuu mmoja aliyekuwa ametoroka mji ukiwa bado umezingirwa, alikusanya watu upande wa mashariki, akalifukuza jeshi lililobaki kabla mwaka 1767 haujaisha. Hakuujenga upya mji ule. Aliweka makao yake Thonburi. Mwaka 1782 Rama wa Kwanza, mzaliwa wa Ayutthaya, alianzisha Bangkok. Kuta za Bangkok zilihitaji matofali, na matofali yalikuwapo tele: yalibomolewa katika mji wa kale na kushushwa mtoni kwa mashua. Hivyo mikono ya pili kuvunja Ayutthaya ilikuwa ya watoto wake, tena kwa sababu inayoeleweka.

Mikono ya tatu haina udhuru. Kwa miaka mingi watafuta hazina walichimba chini ya minara, na wafanyabiashara wa vitu vya kale walinunua vichwa vya sanamu. Mwaka 1957 wezi waliingia katika chumba kilichofichwa chini ya Wat Ratchaburana, lile hekalu la ndugu wawili, wakatoka na vitu vya dhahabu. Serikali iliwahi sehemu tu. Kilichopatikana kiliwekwa katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mjini hapo mwaka 1961. Hatimaye kazi ya kuhifadhi ilianza kwa mpango: uchimbaji na ukarabati tangu mwaka 1969, hifadhi ya kihistoria mwaka 1976, na mwaka 1991 UNESCO iliandika Ayutthaya katika orodha ya urithi wa dunia. Hata sasa maji hayajasahau njia yake. Mafuriko ya mwaka 2011 yaliyafunika mahekalu kadhaa.

Katika Wat Mahathat kuna kichwa cha sanamu ya Buddha kilichoshikwa na mizizi ya mti. Mti umekua ukikizunguka pole pole, ukakiinua, hata uso peke yake unaonekana kati ya mizizi. Mgeni anayetaka kupigwa picha hapo huambiwa achuchumae, kichwa chake kisiwe juu ya kile. Sheria ndogo, lakini inatosha kumkumbusha mtu kwamba yupo mahali pa ibada.

Tena ipo faraja moja. Maandishi mengi ya ikulu na ya mahekalu yaliteketea pamoja na mji. Tunaijuaje basi historia yake? Sehemu kubwa tunaijua kwa sababu ya wageni waliowahi kupokewa: Jeremias van Vliet wa kampuni ya Waholanzi, Simon de La Loubère mjumbe wa Ufaransa, tabibu Mjerumani Engelbert Kaempfer, na wamisionari katika barua zao. Sehemu nyingine ilitoka vinywani mwa mateka walioulizwa habari za kwao huko Burma. Ukarimu ulioonekana kuwa jambo dogo ndio uliohifadhi kumbukumbu ambayo ngome haikuweza kuilinda.

Tunachoachiwa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, uliwafundisha Wakatoliki kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho kweli na kitakatifu katika dini nyingine, na Ubuddha umetajwa humo kwa jina. Novemba mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Thailand katika kumbukumbu ya miaka 350 tangu kuundwa kwa Vikarieti ya Kitume ya Siam, mwaka 1669. Kanisa la Mtakatifu Yosefu limejengwa tena Ayutthaya, nalo linasimama kandokando ya mto. Watu wa dini mbili wamejifunza kukaa jirani.

Lakini somo gumu zaidi la Ayutthaya halihusu dini mbili. Linahusu dini moja. Mji ulikaa kwa amani na Mwislamu wa Qom, na Mreno, na Mjapani aliyebatizwa, ila ndugu wa ikulu hakukaa na ndugu yake, na jirani wa imani moja hakukaa na jirani yake. Dini ilikuwa kila mahali: katika minara, katika kanzu za watawa, katika majina ya wafalme. Pamoja na hayo, haikuruhusiwa kuingia mahali pawili: katika shauri la nani atakalia kiti, na katika shauri la nini kifanyike na mali ya aliyeshindwa. Mahali hapo pawili ndipo moto ulipotokea.

Sisi wa nchi hizi za Maziwa Makuu, ambako mwenye silaha na mwenye kukimbia mara nyingi wamebatizwa kwa maji yale yale na wanajua nyimbo zile zile za Misa, hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Hatuwezi kuyatazama magofu ya Wabuddha na kushangaa iweje waamini wakayachoma mahekalu yao. Tunaweza tu kujiuliza, kila mtu katika jumuiya yake, ni milango gani ya nyumba yetu ambayo imani tunayoikiri haijapewa ruhusa ya kuipita: mlango wa urithi, mlango wa cheo, au mlango wa mali ya jirani. Na swali hilo afadhali liulizwe mapema, wakati kuta zingali zimesimama.